Shajara ya mradi: kushusha kafirini kwenye mtama bila kuua punje

OKTOBA

Wadau, mradi umepita. Yaani andiko limepita idarani, hela imepita kidogo (kidogo kweli, inatosha praima, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili, na bando na nauli), na Dokta kasema niandike maendeleo sehemu moja niache kumtumia vois noti usiku wa manane. Basi ndo hii.

Kwa wanaoingia sa hivi: tunashughulika na mtama. Watu wanasema mtama hauna protini, sio kweli, unayo, ila sehemu kubwa ya hiyo protini ni kundi linaloitwa kafirini, na kafirini ina matatizo mawili, kwanza karibu haina kabisa laisini, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, alafu pili ukishaupika ugali inajifunga yenyewe kwa yenyewe mpaka tumbo linashindwa kuivunja. Kuna kazi ya zamani ya 1981, watoto wadogo kule Peru walilishwa uji wa mtama, mwili ukachukua kama asilimia 46 tu ya naitrojeni iliyokuwemo (ndo inayopimwa kujua protini), wakati ngano ilikuwa 81. Mtu wa Dar anayekula wali samaki hiyo kwake ni stori, ila mtoto wa Chamwino ambaye asubuhi ni uji wa mtama na jioni ni ugali wa mtama na mlenda, hapo hiyo tofauti inaonekana mwilini.

Wazo letu ni kupunguza kafirini kwa kuhariri jenomu, yaani DNA yote, ya mtama wenyewe. Haiingizwi jeni ya kiumbe kingine ikabaki humo, zinaguswa zilezile zilizopo zifanye kazi kidogo kuliko sasa. Narudia KIDOGO kwa sababu nimeona tayari kwenye kikao cha kwanza kwamba hilo neno tutaligombania mpaka mwisho.

Na mipaka isemwe mapema ili mtu asije akaniuliza mbegu. Hatupandi mmea wowote uliohaririwa, hatuna kibali na hatuna chumba cha kuulea. Kazi yetu ni kusoma DNA ya mitama inayolimwa huku kwetu, kuchora RNA elekezi (vipande vifupi vinavyoonyesha chombo cha kuhariri pa kukata) kwenye kompyuta, na kupima unga. Anayetaka kuhariri kweli siku moja akute ramani iko tayari na imetokana na mtama wa hapa, sio wa Texas.

NOVEMBA

Nilienda Mvumi kwa shangazi kuchukua mbegu za kienyeji, nyeupe na nyekundu. Nikamsalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, akanijibu, akanikalisha, akaanza kunihoji.

"Hizo mbegu zangu unazipeleka wapi, mwanangu?"

Nikamweleza shangazi kwamba tunatafuta namna ya kufanya mtama uwe na lishe zaidi kwa kupunguza kitu fulani ndani ya punje. Akachukua punje moja akaitia kwenye meno ya pembeni, ikalia ka! Akachukua nyingine ya mbegu aliyoletewa na jirani, haikulia, ikapondeka tu. Akasema, "Hii laini inaishia kwenye kinu, unabaki na pumba. Na kwenye kihenge wadudu wanaanza na hii kabla ya zote. Sasa hicho mnachopunguza, punje itabaki inalia?"

Jamani, mi nilikuwa nimesoma makala nyingi kufika kwenye hilo swali, shangazi kafika kwa jino.

Kwa sababu ndo historia yenyewe ilivyo. 1964 kule chuo cha Purdue, Marekani, waligundua mahindi ya opaque-2 yana laisini nyingi sana, dunia nzima ikafurahi, alafu wakulima wakayakataa maana punje ilikuwa laini kama chaki, inaoza, inaliwa na wadudu, mavuno yanashuka. Ikachukua miaka na miaka ya kuzalisha upya kurudisha ugumu, Surinder Vasal na Evangelina Villegas wakapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2000 kwa hiyo kazi, na ndo ukoo wa mahindi ya Lishe K1 na ndugu zake tuliyoyaona hapa Tanzania. Mtama nao ukapita njia ileile. 1973 ikatangazwa mitama miwili kutoka Ethiopia yenye laisini nyingi, punje zake zimekunjamana. Purdue haohao wakatengeneza P721 opaque kwa kemikali ya kubadilisha vinasaba, laisini ikapanda, punje ikawa ya unga unga. Baadaye sana ndo ikajulikana kwamba kilichoharibika mle ni herufi moja tu ya DNA kwenye jeni mojawapo ya kafirini.

Kwa hiyo kama lengo ni kuzima, tayari tunajua tutafika wapi, tutafika kwenye pumba ya shangazi. Hii kitu ni kama redio ya daladala, hatutaki konda aizime, tunataka apunguze sauti tusikilizane. Shida ni kwamba mkasi wa CRISPR, ndo hicho chombo cha kuhariri, kwa asili yake ni fundi wa kuzima, unakata jeni, mmea unaunga vibaya, jeni imekufa. Kupunguza kunahitaji akili ya ziada.

DESEMBA, mvua imenyesha mara moja ikasita

Wiki hizi nilikuwa kwenye skrini tu. Jenomu ya mtama ilishasomwa, ilitoka 2009, aina ya BTx623, kromosomu kumi, karibu herufi milioni 730, na ipo wazi kwenye tovuti ya Phytozome kwa yeyote mwenye intaneti. Mwenye intaneti, nimesema. Nilikuwa nashusha data usiku bando la usiku likiwa bei rahisi, asubuhi nakuta imekatikia katikati.

Sasa kwa nini naangalia promota. Jeni ina sehemu inayoandika protini, alafu mbele yake kuna kipande ambacho hakiandiki kitu ila ndo kinaamua jeni ifanye kazi wapi, lini na kwa nguvu kiasi gani, protini nyingine zinakuja kutua pale kwenye visehemu vifupi vifupi. Ukiharibu sehemu ya kuandika, umezima. Ukiharibu kisehemu kimoja cha kutua, mara nyingi umepunguza. Aliyeonyesha hili vizuri ni kundi la Zachary Lippman pale Cold Spring Harbor, 2017, walipiga promota ya jeni ya CLV3 ya nyanya kwa RNA elekezi nane kwa mpigo, wakapata mimea yenye vipande tofauti tofauti vimeng'oka, na matunda yakatoka ya ukubwa wa ngazi ngazi, kuna iliyobadilika kidogo, kuna ya wastani, kuna iliyozidi kabisa. Mimi ile picha ya zile nyanya ndo iliyonifanya niandike andiko hili.

Kafirini ziko aina kadhaa, alfa, beta na gama. Kwenye zile za alfa za kundi la k1C, promota zina kisanduku maarufu, TGTAAAG, kipo pia kwenye mahindi na kinaitwa kisanduku cha prolamini, protini inayoitwa PBF inatua hapo. Jirani yake kuna sehemu ya kutua protini nyingine, opaque-2, yule yule wa 1964, maana yale mahindi jeni yake ya opaque-2 ndo iliyokuwa imeharibika. Nikasema safi, tunakata hapo tu.

Cas9, yaani mkasi wenyewe wa CRISPR, inataka alama ya herufi tatu, yoyote moja kisha GG, mwishoni mwa sehemu inayolengwa, alafu inakata herufi tatu kabla ya hiyo alama. DNA ina herufi nne, A, C, G na T, na promota zimejaa A na T. Nikatafuta GG mahali panapofaa karibu na kisanduku, kwenye nakala nyingi hamna. Bro wa kompyuta akaniandikia skripti ya kupita nakala zote kwa pamoja, majibu ni yaleyale.

Dokta akasema jaribu mkasi mwingine, Cas12a, maana hiyo alama yake ni TTT ikifuatwa na herufi yoyote isipokuwa T, inapenda maeneo kama haya. Na cha kuchekesha, ukikisoma kisanduku chenyewe kwa uzi wa pili wa DNA (A inakutana na T, C na G, na unasomwa kinyume) kinakuwa CTTTACA, yaani TTTA imo ndani! Nilifurahi kama dakika tano hivi. Alafu nikakumbuka Cas12a haikati kwenye alama, inakata mbali, kwenye herufi ya 18 upande mmoja na ya 23 upande wa pili. Ukitumia hiyo alama kisanduku kinabaki kizima, unaumiza jirani. Inabidi tutafute TTT nyingine iliyokaa umbali sahihi ili mkato wake uangukie kisandukuni. Zipo, sio nyingi, na zinatofautiana kati ya nakala na nakala. Kilichokuwa kazi ya wiki moja sasa ni kazi ya mwezi.

JANUARI

Hili neno nakala naona nimelitumia bila kulieleza. Kafirini za alfa za k1C sio jeni moja, ni karibu ishirini, zimepangana foleni kwenye kromosomu moja na zinafanana kama watoto wa tumbo moja. Hapo ndo shughuli ilipo.

Nilitoa DNA kwenye majani machanga ya mitama ya shangazi na ya Macia (ile nyeupe fupi inayolimwa sana hapa kati), PCR ya promota (kukinakili kipande hicho mara nyingi) ikakubali mara ya kwanza, jeli ikatoka na mstari mmoja safi, nikapiga picha nikaweka status. Tukatuma nje kusomwa. Majibu yalivyorudi, Dada wa maabara aliangalia skrini akanyamaza, alafu akasema "hii ni kwaya, sio solo". Na ni kweli, kila herufi ina vilele viwili vitatu vya grafu vimepandana, kwa sababu praima zangu zimekamata nakala kibao kwa mpigo na mashine imezisoma zote kwa pamoja.

Njia ya kutoka ni ya kizamani na ni ndefu: unachukua mchanganyiko wa PCR, unaupachika kwenye plasmidi (duara dogo la DNA), unaingiza kwenye bakteria wa E. koli, unawamwaga kwenye sahani, kila koloni inayoota imebeba nakala moja tu, unasoma moja moja. Mashine za kusoma vipande virefu zingemaliza hili haraka, ila hela ni ileile ya praima na nauli. Tukafanya hivyo. Umeme ulikatika sahani zikiwa kwenye inkubeta, bahati nzuri E. koli ni wavumilivu na joto la Dodoma la Januari linawatosha kuendelea kuota.

Tulichokipata kimebadilisha mpango. Kwenye nakala kadhaa za mtama mwekundu wa Mvumi, alama niliyoitegemea kwa elekezi yangu bora imeharibika, TTTA imekuwa TTCA, Cas12a ikipita hapo haitasimama. Kwenye Macia ipo. Yaani elekezi iliyochorwa kwa BTx623 ingefanya kazi nusu nusu huku kwetu na mtu angekaa anashangaa. Hii peke yake kwangu ni sababu tosha ya kufanya mradi huu hapa badala ya kukopi.

FEBRUARI

Mwezi wa unga. Niliutamani kuliko yote kwa sababu hatimaye kitu kinachoshikika.

Kipimo ni kile cha pepsini, kimeng'enya cha tumboni kinachovunja protini, kimekuwepo toka miaka ya themanini na bado ndo kinachotumika: miligramu 200 za unga, unaweka pepsini kwenye bafa ya pH 2 kama tumboni, nyuzi 37, masaa mawili, alafu unapima naitrojeni iliyobaki bila kuvunjwa kwa njia ya Kjeldahl. Vifaa vyote tunavyo, hakuna cha kuagiza, kinachochosha ni ile harufu ya asidi inayochemka, feni ya kabati la moshi inafanya kazi siku inayojisikia.

Nilipima kila unga kwa namna tatu: mbichi, uliopikwa ugali ukakaushwa na kusagwa tena, na uliochachushwa kwanza kama togwa alafu ukapikwa. Mpangilio umetoka kama vitabu vinavyosema. Mbichi unavunjika vizuri, ukipikwa unashuka sana, na wa togwa unarudi juu kiasi. Mama zetu walishalijua hilo bila pepsini. Mwekundu uko chini kuliko mweupe kila mahali, na hapo kuna tanini pia inayoshika protini, kwa hiyo nikisema "kafirini" kwenye mwekundu nakuwa sijasema yote. Dokta anataka tuuache mwekundu kwa sababu unatuchanganyia hesabu. Mi nimegoma. Mwekundu ndo unaopandwa penye kwelea kwelea wengi, ndege hawaupendi kwa sababu ya huo uchungu wa tanini, na aliye jirani na ndege hawezi kuambiwa ahamie mweupe kisa grafu yangu inakuwa nzuri.

Kwa nini kupika kunaharibu: punje imehifadhi kafirini kwenye vidonge vidogo, ndani kuna alfa, ganda la nje ni beta na gama. Gama na beta zina salfa nyingi, ukipika zinashikana kwa vifungo vya salfa, ganda linakaza, pepsini inabaki inagonga mlango na alfa iko ndani salama. Weka hili akilini, litarudi Aprili.

MACHI

Semina idarani. Nusu ya muda ilienda kwenye swali moja, "mnatuletea GMO?", na lilitoka kwa mtu wa uchumi kilimo, kwa hiyo sio swali la kudharau.

Jibu langu, nililipanga vizuri zaidi hapa kuliko nilivyolisema pale. Kupunguza kafirini kulishafanyika kwa njia nyingine. Mradi wa mtama wenye virutubisho kwa Afrika, ulioanza 2005, ulitumia RNA ya kuzuia, yaani unaingiza kipande cha DNA ambacho kinakaa humo milele kikinyamazisha kafirini kila kizazi. Ilifanya kazi, protini ikavunjika vizuri zaidi, na moja ya mambo waliyoyaona ni kwamba haitoshi kugusa alfa peke yake, gama nazo lazima ziguswe. Ila ule ni mmea wenye kipande cha kuongezwa, hakuna ubishi. Kwenye kuhariri, Cas9 inaingizwa, inakata, alafu kwenye kizazi kinachofuata unachagua watoto ambao hawakurithi Cas9, kinachobaki ni pengo la herufi chache kwenye DNA ya mtama.

Kisheria hapa kwetu sidhani mtu ajifanye mjanja. Kanuni za usalama wa bioteknolojia za Tanzania ni za 2009, na CRISPR kama mkasi ilitangazwa 2012 (Charpentier na Doudna wakachukua Nobel 2020), kwa hiyo kanuni zimeandikwa kabla chombo hakijazaliwa. Kenya walitoa mwongozo wao wa kuhariri jenomu 2022. Sisi hapa Dodoma tunayo kumbukumbu ya karibu, 2016 mahindi ya majaribio ya GMO yakapandwa Makutupora, 2018 serikali ikaagiza majaribio yasimame. Nani anataka kupanda tena kitu kisichoeleweka kisa ana haraka?

Mfano niliowapa uliotuliza ukumbi ni wa Dakawa, kila aliyepanda basi la Moro anapajua. 2019 mpunga pale ulishikwa na mnyauko wa bakteria wa aina iliyofanana na ya Asia kuliko ya Afrika. Huyu bakteria ana ujanja, anaingiza protini yake ndani ya seli ya mpunga, inaenda kutua kwenye promota za jeni za SWEET, inazipandisha kwa nguvu, mmea unamwaga sukari, bakteria anakula. Watafiti wakachukua Komboka, mpunga unaolimwa Afrika Mashariki, wakahariri yale maeneo ya kutua, matokeo yakatoka 2023. SWEET zenyewe hazikuguswa, zinaendelea na kazi zake, ila bakteria hana tena pa kushika. Hapo nikaona vichwa vinatikisika. Mtu wa uchumi akaniuliza kwenye chai kama mtama unaweza kufanyiwa hivyo kwa gugu la kiduha, nikamwambia hilo ni mradi mwingine na kuna watu Nairobi wanaufanya, kwa jeni ya LGS1, mtama unabadilisha harufu ya mizizi kiduha kisiamke.

APRILI

Mtama uko kwenye maua na mimi nimebadili mawazo.

Nilikuwa nimeshikilia promota kwa kila kitu. Ila ukikaa na data ya Januari unaona kwamba kwa alfa ni kujitesa. Nakala karibu ishirini, kila moja promota yake imeachana kidogo na ya jirani, elekezi moja haiwafikii wote. Alafu nikarudi kusoma kazi ya chuo cha Nebraska, Marekani, ya 2018, ile ya k1C. Wao hawakuhangaika na promota, walichukua elekezi MOJA kwenye sehemu ambayo nakala zote zinafanana, pale mwanzoni protini inapoandikiwa kwamba iende wapi ndani ya seli, wakatumia Tx430 kwa sababu ndo mtama unaokubali maabara bila ugomvi. Kati ya mimea 26, 25 ilikuwa imehaririwa, mingine nakala moja, mingine nyingi. Alfa ikashuka, laisini na kuvunjika kwa protini vikapanda kwenye ile iliyochaguliwa.

Unaona? Kila nakala iliyoguswa imezimwa kabisa, ila kwa jumla ya ukoo imekuwa ni kupungua. Kipimo unakipata kwa idadi ya nakala ulizozima, huhitaji kuhesabu visanduku. Wahispania walifanya kitu cha jamaa hiyo kwenye ngano mwaka huohuo, mmea wao bora uliguswa jeni 35 kati ya 45 za gliadini za alfa (protini za ngano) na kile kinachowasumbua wagonjwa wa gluteni kikashuka kwa asilimia 85. Tahadhari ni moja, nakala zikiwa foleni na ukakata mbili jirani, kipande chote cha katikati kinaweza kudondoka, kwa hiyo kila mmea lazima uhesabiwe nakala zilizobaki, usiangalie mkato peke yake.

Gama ndo tofauti. Hizo ni jeni chache sana, hapo hakuna ukoo wa kuchezea, ukizima umezima. Na kuzima ni hatari, kwa sababu kwenye mahindi ya Lishe siri ya punje kurudi ngumu ni gama zeini, yaani gama ya mahindi, ile yenye uzito wa kilodaltoni 27, kuongezeka. Yaani gama hiyohiyo inayokaza ganda ugali usimeng'enyeke ndo hiyohiyo inayosaidia punje ya shangazi kulia. Ukiitoa yote unapata lishe na pumba, ukiiacha yote unapata ugumu na ugali wa asilimia 46. Kwa hiyo kupunguza kwa ngazi, lile la nyanya, mahali pake ni hapa.

Na kuna njia ya pili ambayo Dokta ndo anaipenda. Kundi la Caixia Gao, China, 2023, walifanya kwenye mpunga: hawakugusa promota wala protini, waliweka alama ndogo ya kuanzia, ATG, kwenye kile kipande kilichoko kati ya promota na mwanzo wa sehemu inayoandika protini. Ribosomu, mashine ya seli inayotengeneza protini, ikija inaanza pale kwenye alama ya uongo, inapoteza muda, chache ndo zinafika kwenye jeni yenyewe. Kwa kuchagua mahali na urefu walipata viwango kutoka asilimia 2.5 mpaka 84.9 ya kawaida, na wakapata mpunga wa vimo tofauti tofauti. Ngazi kweli kweli. Tatizo letu ni kwamba kipande hicho kwenye kafirini ni kifupi, nafasi ya kuweka ATG ni ya kubana, unategemea kukuta ACG mahali pazuri ili mhariri wa herufi (chombo kinachobadili herufi moja badala ya kukata) abadili C iwe T. Nimeanza kuzitafuta kwenye gama za Macia.

Wakati huohuo tunahitaji kujua gama na alfa zinafanya kazi kiasi gani kwenye mitama yetu ikiwa shambani, kabla ya kusema tunapunguza kutoka wapi kwenda wapi. Maana yake RNA kutoka kwenye punje changa, wiki mbili tatu baada ya kuchanua, na RNA inaoza ukiipumulia. Inatakiwa naitrojeni kimiminika. Nilidhani tutakwama hapo, kumbe watu wa uhimilishaji wa ng'ombe wanayo siku zote kwa ajili ya kutunza mbegu za madume. Wametujazia mtungi mdogo kwa masharti kwamba tuurudishe na tusiuweke kwenye boneti la bodaboda. Bodaboda haina boneti, ila nimeelewa anachomaanisha.

MEI

Punje changa zimeshakusanywa, ziko kwenye friji la baridi kali, nyeupe na nyekundu na Macia. Ndege walitupunguzia sampuli za Macia, nyekundu hazikuguswa, nimemtumia Dokta picha bila maneno.

Maamuzi ya kikao cha juzi, niyaandike yasije yakageuka. Kwa alfa tunaacha promota, tunatumia elekezi za Cas9 kwenye eneo linalofanana, na bro anaandika upya skripti ionyeshe kila elekezi inagusa nakala ngapi kwenye kila mtama wetu, tuchague zile zinazogusa nusu na zile zinazogusa karibu zote. Elekezi inayogusa kila nakala bila kubakiza hatuitaki. Kwa gama tunaandaa mipango miwili sambamba, elekezi kadhaa za Cas12a kupita promota nzima, na orodha ya ACG zinazofaa kugeuzwa. Opaque-2 haiguswi, ina kazi nyingine nyingi kwenye punje na hatutaki kurudi 1964.

Jambo ambalo halijakubaliwa ni ugumu. Nimependekeza kwamba kila mchoro tunaoutoa uambatane na kipimo cha kukoboa, yaani gramu ngapi za punje nzima zinabaki baada ya muda fulani mashineni, tuanze na mitama ya sasa ili kuwe na mstari wa chini ambao mtu wa kuhariri hatakiwi kuuvuka. Dokta anasema hiyo ni kazi ya watu wa chakula na itatuongezea mwaka. Mimi nimeshaongea na mwenye mashine ya kukoboa Chang'ombe, kakubali tumletee vifurushi vidogo asubuhi kabla foleni haijaanza, bei ni ileile ya debe. Alhamisi napeleka vya kwanza.

RNA naitoa wiki ijayo, Dada wa maabara akirudi likizo, maana funguo za lile friji anazo yeye.